Kipenda roho hula nyama mbichi: namna ya kupima shauku kabla hujachagua kazi

Mpwa wangu alishuka basi la Masasi mwezi wa kumi na mbili, wiki mbili baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne, akiwa na begi moja na kazi tatu. Kazi zilikuwa kichwani. Hata chai hajamaliza akaniambia, "Mjomba, mimi nina shauku ya utangazaji, uuguzi na keki." Nikamuuliza ipi inaanza. Akasema zote sawa.

Kwetu huku kusini, iwe kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao au Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake. Zamani neno hilo lilikuwa la jando, unyago na posa. Siku hizi dada yangu ananirushia ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake kikohozi, akiniomba nizungumze na mtoto kuhusu tahasusi, yale mafungu ya masomo ya kidato cha tano.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, Mikindani, Mtwara. Digrii sina. Lakini jambo hili la kuchanganya kuvutiwa na kazi na kuwa na shauku nayo nimelikosea mwenyewe, nikalipia laki sita taslimu na miezi minane ya ujana wangu, kwa hiyo najiona nina cheti chake. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia na niliyomfanyisha mpwa wangu. Kama na wewe unasubiri matokeo, au una mtoto anayesubiri, yachukue.

Ovaroli ya rangi ya chungwa

Mwaka 2012 na 2013 Mtwara ilikuwa na neno moja tu mdomoni: gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982 na umeme wake tulishauzoea, lakini sasa zilikuwa zinakuja habari za gesi nyingine, kule bahari ya kina kirefu. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa gumzo na ugomvi. Kodi za vyumba zilipanda. Wageni wenye kofia ngumu walikula samaki Shangani bila kuuliza bei. Na kila kijana niliyemjua alikuwa "na shauku ya gesi". Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nne, nami nilikuwa nayo.

Kulikuwa na chuo kimoja, jina lake nitalimeza, kilichotoa kozi ya miezi mitatu ya mafuta na gesi kwa laki sita. Nikauza baiskeli, mama akaongezea hela ya korosho. Siku ya kwanza tukapewa ovaroli la rangi ya chungwa. Nikapiga picha nimeshika kofia ngumu kiunoni kama rubani. Picha hiyo ilizunguka ukoo mzima, ikafika mpaka Newala.

Darasani mwalimu akianza kueleza presha ya kisima, mimi usingizi. Akichora tabaka za miamba, usingizi. Ninakumbuka siku moja tu niliyokaa macho wazi kuanzia asubuhi mpaka kuagana: siku walipoleta pampu mbovu tuifungue. Siku hiyo nilichelewa chakula. Ishara ilikuwa pale mezani, imejaa grisi, nami sikuiona kwa sababu nilikuwa natazama ovaroli.

Baada ya kozi nikazunguka na bahasha miezi mitano. Bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka mwaka 2014, mipango mingi ikapunguza mwendo. Bomba lilijengwa na likakamilika mwaka 2015, wapo walioajiriwa, nami sikuwemo. Nikijisema kweli, wangeniajiri ningeacha. Nilichokipenda kilikuwa kuonekana ninafanya kazi ya gesi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya maswali mengine yote: vua nguo za kazi. Chukua ile kazi unayosema una shauku nayo, uitoe sare, uitoe jina, uitoe watazamaji, uitoe na mshahara wa siku ya kwanza unaousikia kwa watu. Angalia kama kuna kitu kimebaki mkononi. Mpwa wangu nilimwambia hivi: utangaze, lakini hakuna atakayekusikia. Uuguze, lakini hakuna atakayekuita nesi. Uoke keki, lakini simu ninayo mimi, hakuna picha. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mjomba, sasa keki bila picha ya nini?" Nikamwambia aliandike hilo.

Kila kazi ina nyama mbichi yake

Wazee walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Watu hulitumia kwenye mambo ya mapenzi, mtu kang'ang'ania mke asiyefaa, basi wanacheka. Mimi naliona ni kipimo bora kabisa cha kazi kuliko madodoso yote. Kila kazi ina sehemu yake ambayo haijapikwa, haina chumvi wala ndimu, na hakuna anayeiona isipokuwa anayeifanya. Anayevutiwa na kazi huipenda ikiwa mezani. Mwenye shauku huila hata kabla moto haujawaka, tena si kwa kuwa ni tamu.

Mwalimu nyama mbichi yake ni madaftari themanini ya kusahihisha usiku, kosa lilelile mara themanini. Mvuvi yake ni kushona nyavu. Mchonga vinyago anasifiwa kwa sura aliyoitoa ndani ya mpingo, lakini anayeanza hukaa miezi na msasa tu, anasugua mti mgumu kama chuma mpaka vidole vinakosa alama. Wakili ni mafaili. Anayeandika programu za kompyuta ni siku nzima ya kutafuta kosa moja la nukta.

Yangu ni bolti iliyoliwa na chumvi. Mashine ya boti ikikaa baharini miaka sita bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, bolti za kichwa chake hazifunguki, zinakatika. Ikishakatika imebaki ndani, hapo kazi imeanza. Unaipa moto. Unaimwagia mafuta ya taa. Unaigonga kidogo, unasubiri. Halafu unatoboa katikati yake kwa drili nyembamba, taratibu, ukipinda kidogo tu umeharibu nyuzi za bloku, na bloku ya mtu hulipi kwa ugali wa mwezi mmoja. Nimewahi kukaa na bolti moja tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Sijawahi kusema naipenda bolti iliyokatika. Lakini vijana wangu wa gereji wanajua: ikikatika, wanaita "bosi" na wanasogea pembeni, kwa sababu ninataka kuitoa mimi.

Utaipataje nyama mbichi ya kazi usiyoifanya? Usimuulize mtu, "Unaipenda kazi yako?" Atakwambia ndiyo kwa adabu au hapana kwa hasira, kutegemea amelipwa lini. Muulize mambo mawili. La kwanza: "Jana, tangu ulipofika mpaka ulipotoka, ulifanya nini na nini?" Mwache ataje saa kwa saa. La pili: "Kitu gani kinakuchosha ambacho sisi wa nje hatukioni?" Uliza watu watatu wa kazi hiyohiyo, maana mmoja anaweza kuwa na ugomvi na mkuu wake. Kitakachotajwa na wote watatu ndiyo nyama yenyewe.

Korosho ya Julai

Huku kwetu kipimo hiki hakihitaji hata maelezo, kipo shambani. Msimu wa 2024 bei ya korosho ghafi mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, niliona vijana niliosoma nao wakitangaza kwamba kilimo kiko kwenye damu yao. Mmoja alinunua buti. Mimi nikawaambia sawa, tuonane Julai.

Korosho ya Novemba kila mtu anaipenda. Gunia limeshonwa, ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, limejaa, watu wanauliza mnada wa lini, bodaboda wanabadilisha matairi. Korosho ya Julai ni jambo jingine. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unatafuta maua na machipukizi, na wewe unaamka usiku unabeba mashine ya kupulizia mgongoni, inanguruma sikioni, sulfa inakurudia usoni. Macho yanawasha mpaka kesho yake. Unapaswa kurudia tena baada ya wiki kadhaa, na tena. Kabla ya hapo ulishapalilia. Na pesa yoyote haijaonekana, iliyopo inatoka.

Lakini wapo watu, nina jirani mmoja Naliendele, ambao ukiwakuta Julai wanakuonyesha chipukizi moja kama anavyoonyeshwa mtoto mchanga. Anajua mkorosho upi kati ya mia mbili na kitu ulichelewa kutoa maua mwaka juzi. Hajaulizwa na mtu. Huyo bei ikishuka atalalamika kama wengine wote, tena kwa sauti kubwa zaidi, na Julai utamkuta palepale. Yule wa buti nilimwona mwezi wa sita anauza mtumba wa viatu, na buti zilikuwemo.

Kila kazi ina Julai yake. Itafute kabla hujajaza fomu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea

Ukishakisikia kipimo cha nyama mbichi ni rahisi kukitumia vibaya. Mtoto anaonja mara moja, anatema, anasema, "Basi haikuwa shauku yangu," anahamia nyingine. Anaonja, anatema. Nimeona mtu kamaliza kozi nne za mwaka mmoja mmoja kwa njia hii.

Mwaka 2018 watafiti Paul O'Keefe, Carol Dweck na Greg Walton walitoa utafiti wao juu ya jambo hili. Katika jaribio mojawapo waliwaonyesha wanafunzi video ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani na mawazo ya Stephen Hawking. Karibu wote walisisimka. Kisha wakawapa makala ngumu ya kisayansi juu ya mada ileile. Hamu ilishuka kwa wengi, lakini iliporomoka zaidi kwa wale walioamini kwamba shauku ni kitu ambacho mtu anacho tayari ndani, kazi yake ni kukigundua tu. Wao ugumu waliusoma kama jibu: hii si yangu. Walioamini kwamba hamu hukuzwa walivumilia zaidi.

Niliposoma hilo nilicheka, kwa sababu hiyo video ni ovaroli langu na hiyo makala ni presha ya kisima. Lakini pia lilinirekebisha. Nilidhani shauku ya mashine nilizaliwa nayo. Hapana. Mjomba wangu mimi, kaka wa mama, alikuwa na boti yenye Yamaha ya zamani, na mwaka ule wa kuzunguka na bahasha ilikufa. Akaniambia, "Wewe si umesoma mafuta? Tengeneza." Ilinichukua siku tatu kujua kumbe ni impela, kile kipande cha mpira kinachovuta maji ya kupoza, kimeliwa na mchanga. Siku ya kwanza niliichukia ile mashine. Siku ya pili niliichukia zaidi. Lakini siku ya pili nilirudi bila kuitwa, na siku ya tatu niliamka kabla ya mwenye boti.

Kwa hiyo usihesabu ulivyojisikia ulipoonja. Hesabu kurudi. Umerudi mara ngapi, nani alikutuma, na ulipokwama ulifanya nini. Hisia za siku moja zinategemea ulilala vipi.

Siku kumi na nne na daftari la shilingi elfu

Mpwa wangu nilimpa siku kumi na nne kwa zile kazi tatu, zote kwa pamoja, na daftari lenye safu nne kwa kila kazi. Tarehe. Nilianza mwenyewe au niliambiwa. Muda. Nilipokwama nilifanya nini. Safu ya nne ndiyo daftari lenyewe, nyingine ni mapambo.

Utangazaji hauna kituo cha kujaribia Mikindani, basi nilimwambia kila asubuhi asome habari ya gazeti dakika tano, ajirekodi, ajisikilize, arekebishe, arudie. Siku ya kwanza alirekodi mara sita. Siku ya tatu akaandika, "Sauti yangu inanikera." Siku ya tano, "Leo bajaji wanapiga kelele." Siku ya nane safu ya pili ilisema "nimeambiwa" na ya nne ilikuwa tupu. Ilhali redio alikuwa nayo sikioni kutwa nzima, anawajua watangazaji wote kwa vicheko vyao. Huyo ni msikilizaji wa kiwango cha juu, na redio inawahitaji wasikilizaji pia.

Keki tulioka kwa jiko la mkaa, sufuria kubwa lenye mchanga chini, moto mwingine juu ya mfuniko. Ya kwanza iliungua chini. Ya pili ilikaa kama chapati. Ya tatu ilikuwa keki. Ya nne akaikata vipande, akauza mia tano mia tano pale wanaposhushia samaki, vikaisha kabla sijapata changu. Lakini tazama daftari: mara zote nne ni siku tuliyokuwa na wageni, na kuosha vyombo kulikuwa kwa mke wangu. Alipenda kupamba na kupokea sifa. Hiyo ni kuvutiwa, tena kuvutiwa kuzuri, kwenye faida. Nilimwambia asiiache, iwe hela yake ya wikiendi popote atakaposoma. Asijenge nayo nyumba ya kwanza.

Uuguzi sikuwa na njia ya kumpeleka wodini, si mahali pa kuchezea. Lakini nyumbani yuko mama yangu, bibi yake, ana kisukari na kidonda mguuni, na kila asubuhi anakwenda zahanati kusafishwa. Mpwa akapewa kazi ya kumsindikiza. Tuliomba ruhusa, bibi akakubali, muuguzi akakubali. Siku ya kwanza bendeji ilipofunguliwa alitoka nje, akatapika chini ya mwembe. Akanawa uso. Akarudi ndani. Alipofika nyumbani hakusema neno, mimi nikajua nimeua ndoto ya mtoto wa dada yangu.

Siku ya nne safu ya mwisho iliandikwa, "Nilisikia kichefuchefu, nikapumua kwa mdomo, nikauliza kwa nini wanatumia maji ya chumvi na siyo spiriti." Alijibiwa kwamba spiriti inaumiza nyama mpya inayoota. Jioni alinieleza hilo mara mbili. Siku ya sita alikata ukanda wa karatasi akauwekea alama za sentimita, na kuanzia hapo kidonda cha bibi kikawa na rekodi: urefu, upana, rangi, harufu ipo au haipo. Hakuna aliyemtuma. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, nikasema leo mtakwenda mchana, nikawakuta wako kwenye bajaji.

Sikumwambia kwamba hiyo ni shauku. Siku kumi na nne ni chache kwa neno zito namna hiyo. Nilimwambia hapa pana njia, ifuate kidogo uone inakwenda wapi. Tena kuna jambo nililiona nikamwambia wazi: maongezi ya bibi yalimchosha. Kumbembeleza, kumsikiliza hadithi za reli ya Nachingwea, hapana. Alichokitaka ni kidonda na namba zake. Pengine ni uuguzi, pengine ni maabara, pengine famasia. Kama pampu yangu ndani ya kozi ya gesi. Mara nyingi jina la kazi unakuwa umelikosea, na kipande kimoja ndani yake umekipatia. Andika kipande hicho kwa kitenzi: kupima, kufungua, kufundisha, kuhesabu, kubishana. Halafu tafuta kazi zote zenye kitenzi hicho, siyo ile moja uliyoiona kwenye tamthilia.

Kuhusu fomu

Tahasusi zilikuwa 16, mwaka 2024 zikatangazwa kufika 65, na wazazi wengi bado wanajua PCB (fizikia, kemia, bailojia) na HGL (historia, jiografia, Kiingereza) tu. Keti na mtoto msome orodha yote. Pia matokeo yakitoka, wanafunzi huwa wanafunguliwa nafasi ya kubadilisha machaguo yao kwenye mfumo wa TAMISEMI kwa muda maalumu, kwa hiyo alichojaza shuleni mwaka jana kwa kufuata rafiki si kaburi. Kwa vyuo vya afya ngazi ya diploma fizikia, kemia na bailojia ndizo zinazoangaliwa, basi shauku bila alama hizo inabidi ianze na kurudia mtihani, na huko ndiko nyama mbichi iliko safari hii. Kama daftari halijatoa jibu, chagua inayofunga milango michache.

Na kazi si ndoa ya ukatoliki. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso kule kwetu Masasi, alisoma Kiingereza Makerere, akahariri magazeti, akawa balozi, akawa waziri, akawa rais kuanzia 1995 mpaka 2005. Kazi zilibadilika mara zote hizo, na maneno alitembea nayo kila alipokwenda.

Mambo mawili ambayo vijana hawaulizi

La kwanza, je, nisipokuwa na shauku ya kitu chochote? Basi umekuwa kama watu wengi wanaolala vizuri. Nina rafiki pale bandarini, ni karani, makaratasi ya mizigo. Anavutiwa na kazi yake kiasi cha kuifanya safi, akitoka ametoka, Jumamosi anafundisha watoto mpira Ligula bila kulipwa senti, na ukimwona pale uwanjani anavyopiga kelele utajua nyama yake anailia wapi. Hajakosea popote. Ukiwa na kitu kinachokuvutia, unakiweza na kinalipa, kichukue, ukifanye vizuri. Ustadi ukiingia mkononi, mara nyingi hamu huongezeka nyuma yake.

La pili, shauku nayo ina ubaya wake. Robert Vallerand na wenzake huko Canada mwaka 2003 waliigawa mara mbili: ipo inayokaa vizuri na maisha yako mengine, na ipo inayokushika kichwa ukawa huwezi kuiacha hata ikikuumiza. Mimi ya pili naijua. Mwaka wangu wa tatu wa ufundi nilikuwa nafungua mashine mpaka saa saba usiku kwa taa ya chemli, mteja akiuliza itakuwa tayari lini namjibu kama kanitukana. Usiku mmoja mtoto wangu alikuwa na homa kali, mke wangu alikuja gereji mara mbili kuniita, nami nikasema nakuja, nimalizie kabureta. Aliyempeleka hospitali ya Ligula ni jirani. Mtoto alipona. Mke wangu hakunigombeza, aliniletea kabureta ile kitandani akaiweka kwenye mto wake, akaenda kulala kwa watoto.

Tangu hapo Ijumaa sifungui mashine. Kipimo cha shauku hiyo ni hiki: iache siku tatu. Ukiikumbuka, vizuri. Ukigombana na kila mtu ndani ya siku hizo tatu, hapo kuna jambo la kurekebisha kabla hujaiita shauku.

Mpwa wangu amerudi Masasi, anasubiri matokeo. Daftari ameondoka nalo, ukanda wa karatasi ameuacha umebandikwa ukutani juu ya kitanda cha bibi, na maagizo kwamba kila Jumamosi nipime mimi nimtumie. Mimi ambaye nimetoa bolti mia kwenye bloku siwezi kuangalia kile kidonda. Jumamosi iliyopita nilipima nimegeuza uso, mama ananicheka, nikatuma: sentimita tatu. Baada ya dakika moja simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Tatu urefu au upana?"